Picha Isiyo na Nyuma

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimechutama kando ya tangi la maji, fagio mkononi, nikimwomba Mungu anigeuze ndoo.

Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa nyama kabla hawajalimaliza, nitarudi nyuma kidogo tu. Mimi ni Kaari wa Ruiri. Niliacha shule darasa la sita, baba alipokufa. Baba mdogo akapokea mahari yangu, asali na mbuzi, kutoka kwa Bundi wa Kangeta, mfanyabiashara wa miraa mwenye mke, watoto walionizidi umri, na tumbo linaloingia nyumbani kabla yake. Sikuulizwa. Nikatoroka, nikavuka Meru mpaka Nkubu, ambako sikujulikana na mtu, na Mzee Muthamia akaniajiri kufagia na kutandika vitanda katika gesti yake.

Tangu siku hiyo nilikuwa na sheria moja tu: nisipigwe picha. Picha hutembea. Unapigwa kwenye harusi Nkubu, ukija kushtuka uko ukutani sebuleni kwa mtu Kangeta. Kwa hivyo kamera ikitokea, mimi husimama nyuma ya mpiga picha. Ni mahali pazuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kutokea kwenye picha akiwa nyuma ya mpiga picha.

Halafu akaja Gitari.

Gitari alitoka Embu na kompyuta yake ikiwa imefungwa kwa blanketi kama mtoto mgonjwa, na kamera ya miguu mitatu. Mzee alikuwa amemwita amtengenezee websaiti, ili Wazungu waione gesti yetu wakiwa bado kwao Ulaya. Si picha za kawaida. Picha ya kuzunguka. Mzungu anasimama katikati ya uwanja wetu bila kutoka kitini kwake, anageuka anavyotaka, anaona kila upande. Gitari aliiita panorama.

Mimi nilisikia neno picha tu, nikaenda nyuma ya Gitari.

Akapiga. Akageuza kamera kidogo, akapiga tena. Nikasogea. Akageuza. Nikasogea. Nikawa namzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mpaka nikateleza kwenye maji ya tangi, nikachutama, na lile jicho la kioo likanigeukia. Hapo ndipo mliponiacha.

Lakini sikuwa peke yangu katika ujinga. Mzee Muthamia naye, kila aliposikia kamera ikilia, alijua hiyo ni picha mpya, na picha ya gesti bila mwenye gesti ina maana gani? Gitari akigeuza kamera, Mzee anakimbia kwenda mbele yake, anafunga kifungo cha koti, anasimama wima kama mnara wa simu.

"Mzee, wewe simama mahali pamoja tu," Gitari alimwambia.

"Nikisimama mahali pamoja, mtu wa upande ule mwingine atanionea wapi? Wewe piga."

Gitari akapiga.

Siku chache baadaye aliniita ofisini.

"Kaari, kuja uone kitu."

"Nina shuka za kuanika."

"Zitakauka tu. Kuja."

Picha zilikuwa zimesafishwa Meru mjini, naye alikuwa ameziingiza kwenye kompyuta na kuziunganisha, moja na nyingine, kama fundi wa nguo anayeunganisha vipande vya pazia. Kwenye kioo niliona ukurasa wenye jina la gesti yetu, na katikati yake sanduku la kijivu.

"Ni hili sanduku?" niliuliza.

"Hiyo ni kwa sababu bado sijaweka plagini." Akaingiza diski. "Sikiza. Websaiti haijui kuzungusha picha. Inajua kuandika maneno na kuweka picha iliyosimama, basi. Kwa hivyo unaipachikia kijiprogramu kidogo cha kuizungusha. Ni kama miwani. Picha iko, lakini bila miwani huioni. Mtu asiye na plagini kwa kompyuta yake anaona sanduku tu."

Nilipenda sana hilo sanduku. Lakini likapotea, na uwanja wetu ukatokea.

"Shika mausi, uvute," akasema.

Nikavuta. Uwanja ukaanza kugeuka. Sitawadanganya, niliogopa. Nilishika meza nisianguke. Langoni palikuwa na maua na Mzee Muthamia. Nikavuta. Jikoni, Mzee Muthamia. Chini ya kamba ya kuanikia nguo, Mzee Muthamia. Alikuwa kila mahali, kifungo kimefungwa.

"Wageni watadhani tunafuga wazee," nilisema.

Gitari akacheka mpaka akapiga meza. Mimi sikumaliza kucheka. Nilikuwa nimefika kwenye tangi. Nilikuwa pale, macho yamenitoka kama sungura aliyemulikwa na taa ya lori, na hapo picha ikakatika.

"Upande huo wa mwisho bado sijaufunga," Gitari alisema. "Kuna mtu ametokea mlangoni ghafla, ananisumbua kumshona."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa najitazama mimi.

"Nitoe."

"Kwa nini? Umetoka vizuri."

"Nitoe tu."

"Nikikukata wewe nimekata na tangi. Nikikata tangi, duara limepasuka. Mgeni akigeuka hapo anaona shimo jeusi."

Nikaanza kulia. Mimi hulia bila sauti, na hiyo huwatisha wanaume zaidi.

"Aii, sawa, sawa! Usilie kwa kompyuta, inaingia maji. Nitachukua maua ya pale langoni nikufunike nayo. Utakuwa kichaka. Sawa?" Akanitazama. "Kwani unaogopa nani?"

"Mtu wa Kangeta."

"Kangeta! Mtu wa miraa atatoa wapi wakati wa kuangalia websaiti?"

Nikafuta macho. Nikarudi jikoni, na Wanjira, mpishi wetu, akaniona. Wanjira ni mtu wa Mbeere, ana mdomo unaofanya kazi hata akiwa amelala.

"Umetoka kwa kompyuta na machozi. Ilikutongoza?"

"Hapana, dada."

"Basi ilikukataa. Pole. Na umetandika vyumba?"

"Bado cha nne."

"Cha nne niachie. Nimekwambia mara ngapi? Huyo mgeni ana wivu na vitu vyake, ananijua mimi tu."

Tangu nianze kazi, chumba cha nne kilikuwa cha Wanjira kutandika. Mgeni wa humo sikuwahi kumwona hata kisigino. Sikulalamika. Kitanda kimoja pungufu si kitu cha kugombania.

Jumamosi ikafika, siku ya kufungua websaiti.

Mzee alikuwa amealika dunia. Padre, walimu, wakulima wa kahawa, wamiliki wa maduka, wazee wenye kofia, na kina mama wa kwaya. Televisheni ya baa ilikuwa imewekwa juu ya meza ukumbini, ikaunganishwa na kompyuta kwa waya uliokuwa umelegea, kwa hivyo Gitari alikaa chini ya meza akiushikilia. Mausi ilipewa Purity, binti wa Mzee, anayesomea ualimu. Purity ni mtu mzuri. Asubuhi hiyo alinitazama miguuni, akaingia ndani, akaniletea viatu vyake.

"Vaa, Kaari. Leo kuna wageni."

Vilinibana, lakini nilitembea kama mke wa mbunge.

Nilikuwa namimina chai jikoni nilipochungulia kwenye kidirisha cha kupitishia chakula. Tumbo lilikuwa linaingia ukumbini. Nyuma ya tumbo akaingia Bundi. Nyuma ya Bundi, mke wake, Mama Mwiti, mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cha kijani.

Nikaanguka chini ya kidirisha.

Wanjira naye akachungulia. Akaanguka kando yangu.

Tulitazamana hapo chini.

"Peleka chai," Wanjira akaninong'oneza.

"Peleka wewe, dada."

"Mimi ni mpishi."

"Mimi ni mfagiaji."

"Miguu inaniuma."

"Mimi tumbo."

"Wewe ni mtoto kwangu! Beba hiyo trei!"

"Chaaai!" Mzee Muthamia akaunguruma kutoka ukumbini.

Wanjira alinisukuma kwa goti. Nilivuta leso mpaka machoni, nikainua trei juu na birika kubwa mbele ya uso, nikaingia. Niliwagawia watu chai bila kumwona mtu yeyote juu ya magoti. Bundi nilimjua kwa viatu. Nikampa kikombe. Hakunitazama. Wanaume kama yeye hawamtazami anayeleta chai, na siku hiyo niliwashukuru kwa hiyo tabia.

Mzee alikuwa anahutubu.

"Ndugu zangu, leo Nkubu imeingia Ulaya! Picha mtakayoona haina mwanzo na haina mwisho. Ni moja, mviringo, kama dunia. Haifichi kitu! Purity, washa."

Purity akabonyeza. Televisheni ikaonyesha jina la gesti, na chini yake sanduku la kijivu.

Watu wakasogeza viti mbele.

"Muthamia," mzee mmoja akasema, "umeuza gesti ukanunua jeneza?"

Watu wakacheka. Mimi moyo wangu ulicheza ngoma. Hakuna plagini! Mungu amekumbuka! Lakini sauti ya Gitari ikatoka chini ya meza: "Purity, ingiza ile diski. Bonyeza ndiyo. Bonyeza ndiyo tena."

"Kwa hivyo Mzungu naye lazima abonyeze ndiyo?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Anaivuta hiyo plagini kwa waya wa simu, anangoja."

"Anangoja mpaka lini?"

"Inategemea simu yao."

"Wazungu wana subira," padre akasema, akanywa chai yake.

Sanduku likapotea. Uwanja ukatokea, Purity akavuta mausi, na watu wakapiga kelele. Mama mmoja wa kwaya alishika kiti kwa mikono miwili. Mwingine akasema, "Punguza, natapika!" Lango lilipita, na Mzee. Jikoni, na Mzee. Kamba ya nguo, na Mzee.

"Muthamia, hawa ndugu zako umewaficha wapi miaka yote?"

"Na wote wana koti moja!"

Mzee alikuwa anang'aa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na trei, nikingoja kichaka changu. Nilikuwa nimejiandaa kujiona nikiwa maua.

Mara nikasikia Gitari chini ya meza, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto.

"Ukurasa... Purity, simamisha! Nilibadilisha picha, nikasahau kubadilisha ukurasa! Bado unaita ile ya zamani!"

Purity akaachilia mausi. Lakini picha ilikuwa imeshafika, na kompyuta, ambayo ingeweza kuganda kwenye lango au kwenye maua au kwenye yeyote kati ya wale kina Muthamia, ikaganda kwenye tangi.

Nilikuwa pale, mkubwa kama televisheni. Hakukuwa na ua hata moja.

Na sikuwa peke yangu. Gitari alikuwa amelifunga duara kabla ya kunifunika maua, kwa hivyo hata hii picha ya zamani ilikuwa nzima. Pale Gitari alipoishona picha ya mwisho na ya kwanza, mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi, na mwanamume alikuwa anatoka huku akifunga shati kwa mkono mmoja. Tumbo lilikuwa limemtangulia. Mkono mwingine alikuwa ameunyoosha kushika ukuta, lakini ukuta ulikuwa umebaki kwenye ile picha nyingine. Kwenye picha yetu, mkono wa Bundi ulikuwa umeshika bega langu.

Kati ya tangi na chumba cha nne kuna uwanja wa kuanika shuka zote za gesti. Mimi na yeye siku hiyo hatukuonana kabisa. Lakini nani angesema hivyo akitazama televisheni?

Mama Mwiti aliweka kikombe chini.

"Baba Mwiti."

"Naam."

"Hiyo shati nilikununulia mimi."

"Shati zinafanana, mama."

"Na tumbo je?"

Ukumbi ulilipuka. Bundi akatazama televisheni. Akatazama huku na huku, akaniona mimi ukutani, leso imeteleza shingoni. Niliona akinitambua. Kwanza alishtuka. Halafu, polepole, akatabasamu. Huyo ni mfanyabiashara. Ukimmwagia maji, anayakinga anayauza.

Akasimama.

"Wazee wangu, padre wangu. Sikutaka mambo ya nyumbani yatokee mbele ya watu. Huyo msichana ni mke wangu. Asali yake ilinywewa Ruiri, mbuzi zikaliwa. Nilimweka hapa azoee kazi kidogo, halafu nimpeleke kwa mwenzake. Leo ndiyo nilikuwa nimwambie Mama Mwiti."

"Leo saa ngapi?" Mama Mwiti akauliza.

"Baada ya chai."

"Ni kweli!" sauti ikapaa kutoka kwenye kidirisha cha jikoni. Ilikuwa Wanjira, kichwa nje kama kuku kwenye tenga. "Mimi nimewaona! Mara nyingi nimewaona hao wawili, kwa macho yangu haya!"

Nikamtazama, sikuamini. Halafu nikatazama tena televisheni. Ndani ya mlango wa chumba cha nne, nyuma ya kiwiko cha Bundi, kwenye msumari, lilining'inia aproni la bluu lenye mfuko uliotiwa kiraka chekundu. Aproni la namna hiyo Nkubu nzima liko moja. Saa hiyo lilikuwa limevaliwa na Wanjira.

Aliona nimeona.

"Kwa macho yangu!" akarudia, na akafunga kidirisha.

Nilifungua mdomo. Hapa ndipo mtakaponikasirikia, kwa sababu hakuna kilichotoka. Shuleni mwalimu akiniambia nisome kwa sauti, nilichagua kiboko. Watu wote wale walikuwa wamenigeukia, na ulimi wangu ulilala kama mbwa wa mchana.

Gitari ndiye aliyetoka chini ya meza, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, hapana! Hizo ni picha mbili! Huyu alikuwa huku, yule alikuwa kule. Ni mimi nimewaunganisha!"

"Umewaunganisha wewe?" Mama Mwiti akasema. "Kumbe wewe ndiye mshenga?"

"Hapana, mama! Namaanisha kwa kompyuta!"

"Wewe Gitari," Mzee Muthamia alinguruma, "si umenihutubisha hapa kwamba picha ni moja?"

"Ni kumi na mbili, Mzee. Zimeshonwa. Hebu jiangalie mwenyewe. Siku hiyo ulikuwa langoni na jikoni kwa wakati mmoja?"

"Hapa ni kwangu! Nikitaka kuwa langoni na jikoni kwa wakati mmoja, utanizuia wewe?"

Watu wakapiga makofi.

"Rudi chini uzime hicho kitu!"

Akarudi chini ya meza. Tulimsikia akivuta waya na kujigonga kichwa.

Mama Mwiti akainuka. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi mle ndani, na alipoinuka kelele ilikaa yenyewe.

"Mimi sigombani na televisheni," alisema. "Na huyu mtoto simjui. Lakini mume wangu namjua, uongo wake nausikia ukiwa bado uko tumboni, na mnaona tumbo lenyewe lilivyo. Kama huyu ni mke mwenzangu, hakuolewa na picha. Mpeni kikombe."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Sikuhitaji kuelezwa, lakini nyinyi mlioko mbali nitawaeleza. Kwetu msichana akiulizwa mbele ya watu habari za mwanamume, hajibu kwa mdomo. Anapewa kikombe cha uji. Anaonja kidogo, kisha anampelekea yule anayemtaka. Mwanamume akishakunywa, maneno yamekwisha. Asali ya baba mdogo, mbuzi, yote yanafuata kikombe.

Hicho kikombe baba mdogo hakuwahi kunipa. Alijua kwa nini.

Wanjira alileta uji mbio, hata hakumwaga tone. Akaniwekea mikononi na kuninong'oneza, "Mpe Bundi, mdogo wangu. Ukinisaidia leo, cha nne nitakuachia."

Nikaonja. Ulikuwa uji wa kuchacha, mkali. Nikaanza kutembea na viatu vya Purity.

Bundi alikuwa amekaa tena, magoti yamepanuka, mikono tayari. Alikuwa na uhakika. Kwa nini asiwe nao? Msichana asiyeweza kusema hapana, atawezaje kufanya hapana?

Sikupanga kitu. Naapa sikupanga. Njia ya kwenda kwa Bundi ilipita mbele ya meza ya televisheni, na nilipofika hapo miguu ilikataa. Mbele kulikuwa na tumbo, nyuma Ruiri. Chini palikuwa na kichwa cha Gitari kikichungulia kutoka chini ya meza, jasho linatiririka, waya mdomoni.

Nikapiga magoti. Nikamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kama mwanamke anavyompa mwanamume.

"Aki asante, dada," Gitari akasema, akatema waya.

Alikunywa kama ng'ombe wa Ruiri aliyefika kisimani. Hakupumzika mpaka kikombe kikaonyesha matako yake juu. Kisha akajifuta mdomo na kiganja.

Halafu mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata, na ukumbi ukawa harusi.

"Amekunywa! Amekunywa yote!"

"Baba Mwiti!" Mama Mwiti alicheka mpaka kitambaa cha kijani kikaanguka. "Mke wako ameolewa ukimwangalia!"

Bundi alikuwa amebaki na mikono yake wazi, kama mtu aliyetupiwa mpira ukapita.

Nilivuta pumzi. Ilikuwa pumzi yangu ya kwanza nzima tangu nitoke nyumbani. Nilitaka kucheka pia. Nikainua macho, na nikamwona Purity.

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye mausi.

"Gitari," akasema.

"Naam?"

"Umekunywa nini?"

"Uji."

"Wa nani?"

Gitari akatoka kabisa chini ya meza. Akatazama wale kina mama waliokuwa wakicheza, akanitazama mimi niliyepiga magoti, akatazama kikombe. Niliona akielewa, kipande kwa kipande, na kila kipande kilimwondolea damu usoni.

"Purity, sikusikia kitu. Nilikuwa na waya. Nilikuwa na kiu tu!"

Mzee Muthamia akamgeukia padre, sauti imemwisha.

"Baba, uchumba wa hawa wawili ndio tulikuwa tuutangaze leo. Baada ya picha."

Hakuna aliyeniambia. Nani humwambia mfagiaji? Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Nilitazama viatu vilivyokuwa miguuni mwangu, na vikazidi kunibana.

Purity hakulia. Alikwenda jikoni, tukasikia sufuria ikifunuliwa. Alirudi na kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Akaonja mbele ya watu wote, akasimama mbele ya Gitari.

"Kama ilikuwa kiu," alisema, "basi bado unayo. Kunywa."

Bundi akafunga mikono yake. Akafunga na kifungo cha koti, akasimama tena, na lile tabasamu likarudi.

"Sawasawa kabisa. Wazee, mnasikia? Akinywa hicho, kile cha kwanza kilikuwa maji tu. Na binti anarudi kwa mwenye asali. Gari langu liko nje."

Nilimtazama Mama Mwiti. Hakuwa anacheka tena. Mzee mmoja mwenye kofia akasema polepole, "Hivyo ndivyo ilivyo."

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kwa sababu hakuna aliyeniambia niinuke.

"Kijana," Mzee Muthamia akasema, "binti yangu anachoka mkono."

Gitari alinitazama. Akamtazama Purity. Akanyoosha mkono, akakishika kikombe, akakiinua.

"Usinywe!" mtu akasema kwa sauti kubwa.

Watu wote waligeuka kutafuta ni nani.

Nilikuwa mimi.